Fundi Anajibu: Kitako cha Bunduki na Rangi Mpya

Kwa kawaida ukurasa huu hujibu maswali ya milango, makabati na vitanda. Mwezi huu nimeyaweka kando kwa sababu barua ya mkulima mmoja wa Njoro imegusa jambo ambalo watu wengi hulifanya kwa haraka na kulijutia baadaye, na kwa kuwa barua nyingine tatu nilizokuwa nazo zinahusu jambo hilohilo, nimeona heri nizijibu zote kwa pamoja.

Swali: Kwako Fundi, salamu nyingi kutoka Njoro. Mimi ni mkulima wa ngano, na nina kibali halali cha bunduki ya marisau ya mitutu miwili. Kitako chake ni cha mbao, na mtu aliyekuwa nayo kabla yangu alikipaka vanishi nyekundu inayong'aa sana. Sasa vanishi hiyo imepasuka na kubanduka pale shavu linapoegemea. Ningependa kitako kiwe na rangi ya kahawia iliyokolea, isiyong'aa. Fundi wa samani mjini Nakuru ameniambia kwamba atapaka rangi nyeusi kidogo juu ya vanishi iliyopo na kumaliza kwa siku moja. Je, shauri lake ni sawa? Na je, naweza kumwachia kazi hiyo?

Jibu: Ndugu mkulima, nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo zito zaidi. Usimwachie. Chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, kibali hupewa mtu aliyetajwa ndani yake, wala hakihami pamoja na bunduki kwenda karakana ya mtu mwingine. Na kazi ya kutengeneza silaha ni ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, si ya fundi wa samani, hata awe hodari namna gani. Usichukulie kwamba kitako kikishafunguliwa kimekuwa kipande cha ubao tu cha kuzungushwa mjini ndani ya kikapu. Mpelekee mfanyabiashara huyo bunduki ikiwa haina risasi, aikague tena mbele yako, akifungue kitako, na umuulize mapema kama sehemu za chuma zinaweza kubaki katika hifadhi yake hadi utakaporudi. Kufungua nako kunahitaji mkono wake, kwa sababu skrubu za bunduki za mitutu miwili zina mifereji myembamba sana, na bisibisi ya kawaida ikiteleza mara moja huacha kovu kwenye chuma lisilofutika. Kazi ya mbao yenyewe unaweza kuifanya mwenyewe, nyumbani kwako, kwa mikono yako.

Kuhusu shauri la kupaka rangi juu ya vanishi, jibu langu ni hapana. Rangi ya mbao hufanya kazi kwa kuingia ndani ya nyuzi, na vanishi iliyopo ni ukuta unaoizuia. Ukiipaka juu yake itakaa kama masizi juu ya kioo: jasho la kiganja na la shavu litaanza kuiondoa baada ya muda mfupi, na kila mahali inapokwanguka wekundu wa zamani utachungulia. Rangi ya kitako huamuliwa katika kukisafisha, muda mrefu kabla hujafungua kopo la rangi.

Kwanza jua kilichopakwa. Ondoa bamba la mpira lililo nyuma ya kitako, na mahali palipofichika kando ya ukingo ule gusa kwa pamba iliyolowa spiriti. Ikilainika na kunata, hiyo ni shelaki, na spiriti yenyewe itaitoa. Isipolainika, jaribu thina. Ikiyeyuka, ni laka. Ikikataa zote mbili, una vanishi ngumu au poliyurethani, na hapo utahitaji dawa ya kubandua rangi inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ipake nje ya nyumba, ukiwa umevaa glavu za mpira na miwani, uiache hadi vanishi ikunjamane kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, kisha uikwangue kwa kipande cha mti au cha plastiki. Usitumie kisu. Sehemu ya kushikia yenye mistari iliyochongwa kwa kupishana isikwanguliwe kabisa wala isiguswe na msasa, kwa sababu ncha za mistari hiyo zikishalainishwa hakuna anayeweza kuzirudisha isipokuwa mchongaji. Pitisha mswaki wa zamani wenye dawa, polepole, kufuata mistari. Mafundi wengine huchovya milango ya zamani katika maji ya kostiki soda. Kwa mlango wa ghala sitabishana nao, lakini kitako cha bunduki kisiguswe na kitu hicho, kwa kuwa hudhoofisha nyuzi na kuzitia weusi usiopangwa.

Vanishi ikishatoka, kiangalie kitako mchana, nje, si chini ya balbu. Vitako vya bunduki nzuri huwa vya mti wa mjozi, yaani walnati, kwa sababu mbao yake ni imara bila kuwa nzito kupita kiasi, na ikishakauka vizuri haijipindi ovyo. Ukiona kahawia ya asili yenye mishipa meusimeusi, huenda rangi unayoitafuta tayari iko ndani na mtu aliifunika tu kwa wekundu wake. Nimewahi kuona mwenye kitako akija kutaka kahawia iliyokolea, tukasafisha, tukalowesha mbao kwa kitambaa chenye tapentaini, na kahawia hiyo ikajitokeza mbele ya macho yake bila tone la rangi. Kulowesha huko ni kipimo ninachokipenda kuliko vingine vyote: mbao ikiwa imelowa tapentaini huonyesha karibu kabisa sura itakayokuwa nayo ikishapakwa mafuta, na ikikauka hurudi kuwa ya kijivu bila madhara. Fanya hivyo kabla ya kununua rangi yoyote.

Utaona pia weusi wenye mafuta pale kitako kinapokutana na chuma. Mafuta ya kusafishia bunduki huteremka humo mwaka baada ya mwaka kila inaposimamishwa mitutu ikiwa juu, na mbao iliyoyanywa haipokei rangi wala haishiki vanishi. Changanya unga wa chaki na spiriti hadi upate uji mzito, uupake mahali hapo, uuache ukauke kabisa, kisha uupanguse kwa brashi kavu. Utaona chaki imegeuka njano au kahawia, na hayo ndiyo mafuta yaliyonyonywa. Rudia mara tatu au nne, hata zaidi, hadi chaki ibaki nyeupe. Kazi hii ifanyike mbali na jiko na sigara. Bunduki ikisharudi kwako, kila ukimaliza kuipaka mafuta ilaze, au iinamishe mitutu ikiwa chini, ili mafuta yasirudi kwenye mbao.

Mabonyeo usiyaondoe kwa msasa. Ubonyeo ni nyuzi zilizogandamizwa, na nyingi hukubali kufufuka. Weka kitambaa cha pamba kilicholowa maji juu ya ubonyeo, kisha ugusishe ncha ya pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke utafuka, utasikia mchirizo, na ukiinua kitambaa utaukuta ubonyeo umepanda. Rudia hadi mbao isawazike, uiache ikauke. Mkwaruzo uliokata nyuzi hautapanda hivyo, na mimi ningeuacha. Alama ya kweli ya miaka mingi ya kazi shambani si aibu kwa kitako.

Sasa msasa. Anza na namba 150 au 180, ukiuambatisha kwenye kipande cha mti bapa, ufuate mkondo wa nyuzi, umalizie na 220. Kabla ya kugusa karibu na chuma, kumbuka jambo hili: kitako kilichotengenezwa vizuri huachwa kikiwa juu kidogo kuliko chuma pande zote, na ukikisugua hadi kikawa chini, chuma kitajitokeza kama ukingo wa bati na bunduki itaonekana ya kuungwaungwa. Kwa hiyo mahali hapo sugua kwa kidole na msasa laini tu. Rudisha bamba la mpira mahali pake wakati wa kusugua ili kingo za nyuma zisije zikawa mviringo. Ndani, pale chuma kinapokaa, usisugue kabisa, kwa sababu mgongo wa chuma husukuma hapo kila bunduki inapolia, na nafasi ikilegea mbao hupasuka. Ukimaliza na 220, futa mbao kwa kitambaa chenye maji, uiache ikauke, na utahisi vinywele vimesimama. Vipunguze kwa 320 bila kukandamiza. Ukiruka hatua hii, vinywele hivyo vitasimama baada ya rangi, wakati huwezi tena kuvisugua bila kuiondoa rangi yenyewe.

Kwa kahawia iliyokolea, tafuta rangi ya unga inayoyeyushwa kwa spiriti, si ile nzito ya kopo inayofunika nyuzi. Ichanganye iwe nyepesi kuliko unavyotaka. Ipake kwa kitambaa, kitako kizima kwa mkupuo mmoja bila kusimama katikati, uiache ikauke, kisha upake tena. Kukoleza ni rahisi. Kupunguza ni taabu. Na kwa kuwa kitako chako kilikuwa chekundu, kutakuwa na wekundu uliobaki ndani ya vinyweleo hata baada ya usafi wote. Ukipaka kahawia ya kawaida utapata rangi ya damu ya mzee. Tia tone moja la kijani kwenye kahawia yako, ulijaribu kwenye ukingo uliofichwa na bamba la mpira, kisha tone la pili ikihitajika. Kijani hufifisha wekundu, na macho ya mtu hayatagundua kwamba kijani kimo. Rangi ikikauka itaonekana imefifia na kupauka, usishtuke ukaongeza. Iloweshe kwa tapentaini kwanza uione sura yake ya kweli.

Wekundu wenyewe, nisiudharau, una historia yake. Mafundi wa bunduki wa Uingereza tangu zamani walipaka vitako mafuta ya mbegu za kitani yaliyotiwa wekundu wa mzizi wa alkaneti, na katika mjozi mweusi wekundu huo hung'aa kwa ndani kama makaa. Kilichoharibu kitako chako ni vanishi nene ya juu.

Kwa kuwa hutaki kung'aa, malizia na mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale yanayoandikwa hivyo kwenye chupa. Paka kidogo, sugua kwa kiganja hadi uhisi joto, subiri dakika 15 hivi, kisha futa yote yaliyobaki juu. Acha siku nzima au mbili, rudia, na ufikishe angalau mara tano. Paka pia ndani ya kitako na chini ya bamba la mpira, mahali nyuzi zilipokatwa, kwa sababu huko ndiko unyevu hupenda kuingia.

Nina neno moja kuhusu vitambaa vya mafuta hayo, nalo naliandika nikikumbuka harufu. Katika miaka yangu ya mwanzo ya ufundi nilivikunja vitambaa vitatu nikavitupa ndani ya debe la takataka za randa, nikafunga karakana. Niliporudi kuchukua koti nililosahau, debe lilikuwa linatoa moshi na katikati yake pamekuwa peusi. Hakuna aliyewasha kitu. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulihifadhi joto hilo hadi kikajiwasha chenyewe. Vitandaze kimoja kimoja nje vikauke, au vitumbukize ndani ya mkebe wa bati wenye maji, kila mara, hata kama ulipaka mafuta ya kijiko kimoja.

Swali: Fundi, nakuandikia kutoka Kisumu. Kitako changu si cha walnati bali ni cha mbao nyeupenyeupe yenye vidoa vidogo kama punje. Nilikipaka rangi ya kahawia ya kopo niliyoinunua karibu na Kibuye, kikatoka na mabaka, mahali peusi na mahali peupe. Natamani sasa kiwe cheusi kabisa. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu yangu, mbao hiyo yenye vidoa kama punje kwa maelezo yako ni biichi ya Ulaya, ambayo viwanda vingi huitumia kwa bunduki za bei nafuu na kuipaka rangi ifanane na walnati. Si mbao mbaya. Mabaka yametokana na mambo mawili: rangi ya kopo ni chembe zinazolala juu na kujaa palipo na uwazi, na bila shaka palibaki vanishi ya zamani mahali fulani ambako rangi haikuingia. Itoe yote, usugue sawasawa kwa namba moja ya msasa kila mahali, maana pale ulipotumia msasa laini zaidi patapokea rangi kidogo.

Kuhusu weusi, kuna njia ninayoipenda kwa moyo wote, nayo haihitaji rangi ya dukani. Chukua sufi ya chuma ya kawaida, ile inayoshika kutu, uioshe kwa sabuni itoke mafuta, uikaushe na kuichambua, kisha uitumbukize katika nusu lita ya siki ndani ya chupa ya kioo. Usikaze kifuniko, kwa sababu hutoa gesi. Baada ya siku kadhaa ichuje kwa kitambaa. Maji hayo yakigusa mbao yenye tanini, yaani ule ukakasi wa asili ulio pia ndani ya majani ya chai, huigeuza kijivu, kisha nyeusi, ndani ya dakika chache. Mjozi una tanini ya kutosha, lakini biichi haina nyingi, kwa hiyo ni lazima uitie kwanza. Na hapo sisi wa upande huu tumebarikiwa: chemsha majani ya chai ya Kericho au ya Nandi, mengi, bila maziwa wala sukari, hadi maji yawe mazito na machungu ya kukunja uso. Paka chai hiyo mara mbili, uiache ikauke kila mara, ndipo upake maji ya siki. Mwenye magome ya muwati anaweza kuyachemsha badala ya chai. Miti hiyo ilipandwa sana nyanda za juu, na kiwanda cha Eldoret kilikamua tanini yake kwa ajili ya kulainishia ngozi. Ukitazama kwa karibu utaona weusi ukianza kwenye vinyweleo, kama wino unaoenea kwenye karatasi ya kunyonyea, kisha ukajaza katikati. Rudia chai na siki hadi uridhike. Weusi huu uko ndani ya mbao, si juu yake, kwa hiyo mkwaruzo mdogo hauonyeshi weupe.

Onyo langu ni kwamba maji hayo yana asidi, na chuma cha bunduki kikiguswa nayo, au hata kikirudishwa kwenye mbao ambayo bado ina unyevu wake, kitashika kutu. Futa kitako kwa maji yenye magadi kidogo ya kupikia, kisha kwa maji matupu, ukiache kikauke wiki nzima kabla ya mafuta. Tena, kwa hewa yenu ya ziwani yenye unyevu, mimi singetumia mafuta ya kitani peke yake, kwa kuwa hayazuii maji vizuri. Baada ya tabaka mbili za mafuta, na zikishakauka kabisa, paka tabaka tatu nyembamba za vanishi ya poliyurethani isiyong'aa, ndani na nje.

Swali: Mimi ni msomaji wa Kitale. Kitako changu ni cheusi mno kwa uzee na nataka kiwe cha rangi ya asali. Je, inawezekana?

Jibu: Inategemea weusi umetoka wapi. Ikiwa ni uchafu na mafuta, usafi na chaki niliyoieleza vitakurudishia mengi. Ikiwa ni rangi iliyopakwa, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yenye klorini hufuta nyingi kati ya rangi za kuyeyuka, nawe uisuuze kwa maji baadaye. Ikiwa ni madoa meusi ya maji na kutu karibu na skrubu, asidi ya oksaliki huyaondoa vizuri. Lakini ni sumu, vumbi lake lisivutwe, na mbao isuuzwe kabla ya kusuguliwa. Lakini ikiwa ni weusi wa mjozi wenyewe, ungelazimika kutumia dawa kali ya sehemu mbili, kostiki soda na haidrojeni peroksaidi, ambayo hula rangi ya asili pamoja na mishipa yote mizuri na kuacha mbao ya rangi ya majani makavu. Ningekusihi usifanye hivyo. Na kama bunduki hiyo ni ya kale na bado ina rangi yake ya awali, kila tabaka unaloondoa hupunguza thamani yake kwa wanaozikusanya; ioshe tu kwa tapentaini, uipake mafuta kidogo, uiache ilivyo.

Swali: Kutoka Kakamega: nilipaka mafuta ya kitani wiki tatu zilizopita, na hadi leo kitako kinanata mkononi.

Jibu: Ulipaka mengi na hukuyafuta, au ulinunua mafuta mabichi ya kitani, ambayo huchukua majuma kukauka hata wakati wa kiangazi, sembuse kwa mvua zenu za kila alasiri. Usipake kitu kingine juu yake. Lowesha kitambaa kigumu cha gunia kwa tapentaini, sugua hadi unato wote utoke na mbao ihisi kavu chini ya kidole, kisha kitundike kitako ndani ya chumba chenye hewa inayopita, mbali na jua kali, kwa siku nne au tano. Ndipo upake mafuta yaliyochemshwa, kiasi cha matone machache kwa upande, uyafute baada ya dakika 15. Na vitambaa ulivyotumia, tafadhali, vitandaze nje kabla hujaingia ndani kunawa mikono.